SIFA ZA NAMBA 1,194,028: MILOLA KATIKA HESABU YA MKOA WA LINDI

Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwezi Agosti 2022 ilitoa namba nyingi, na mojawapo ni 1,194,028. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Mkoa wa Lindi. Ndani yake wamo wavuvi wa Kilwa, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, wafanyabiashara wa mjini Lindi, na wakulima wa ufuta, mihogo na korosho wa kata ya Milola, iliyo upande wa bara, mbali na mwambao. Kila mtu aliyehesabiwa Milola, awe mzee wa miaka 90 au mtoto wa siku moja, amechangia mmoja tu katika namba hiyo, wala hakuna aliyechangia zaidi.

Mpangaji wa maendeleo huitazama namba hiyo kwa ajili ya matumizi yake: madarasa mangapi yajengwe, dawa kiasi gani zipelekwe, visima vichimbwe wapi. Mwanahisabati huitazama kwa jicho jingine. Yeye huuliza: namba hii ni ya jamii gani? Inagawanyika kwa namba zipi? Yaweza kupangwa katika mraba? Maswali hayo hayahitaji mashine wala maabara. Chaki, ubao na subira vyatosha, na shule ya Milola inaweza kuyajibu kwa ukamilifu sawa na chuo kikuu chochote duniani.

Kuisoma namba

Kwanza namba isomwe. Kwa Kiswahili ni milioni moja, laki moja na tisini na nne elfu, na ishirini na nane. Katika maneno hayo machache imo historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Moja, nne na nane ni maneno ya Kibantu. Tisini, ishirini na elfu yametoka katika Kiarabu. Laki, yaani elfu mia, imetoka Bara Hindi, ambako wafanyabiashara walihesabu mali kwa malaki. Milioni imekuja na Wazungu. Kilwa, bandari ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 na ambayo masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, ilikuwa mahali pa kuhesabu na kupima karne nyingi kabla ya shule za leo. Mwanafunzi wa Lindi anaposema “laki” anatumia neno ambalo lilivuka bahari pamoja na vitambaa na shanga.

Kuivunja namba

Njia bora ya kuijua namba kamili ni kuivunja mpaka vipande vyake visivunjike tena. Vipande hivyo huitwa vigawo tasa. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mfano 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kila namba kamili kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la namna moja tu, ukiacha mpangilio wa vigawo. Kwa hiyo vigawo tasa ni kama alama za vidole: hakuna namba mbili zenye vigawo tasa vilevile kwa idadi ileile.

Namba 1,194,028 ni shufwa, kwa sababu tarakimu yake ya mwisho ni 8. Nusu yake ni 597,014, nayo pia ni shufwa. Nusu ya hiyo ni 298,507, ambayo ni witiri. Hivyo kigawo 2 kimetoka mara mbili.

Je, 298,507 inagawanyika kwa 3? Jumla ya tarakimu zake ni 31, na 31 haigawanyiki kwa 3. Kwa hiyo haigawanyiki. Kwa 5 haigawanyiki, maana haiishii na 0 wala 5. Ikigawanywa kwa 7 inabaki 6. Inayofuata ni 11, na kanuni yake ni hii: anza na tarakimu ya mwisho kulia, toa inayofuata, jumlisha ya tatu, toa ya nne, na kuendelea hivyo. Jawabu likiwa 0 au kigawe cha 11, namba yenyewe inagawanyika kwa 11. Hapa 7 − 0 + 5 − 8 + 9 − 2 = 11. Basi inagawanyika, na hisa yake ni 27,137.

Kanuni ileile ikirudiwa: 7 − 3 + 1 − 7 + 2 = 0. Namba 27,137 nayo inagawanyika kwa 11, na hisa ni 2,467. Ikirudiwa mara ya tatu: 7 − 6 + 4 − 2 = 3. Hapa kigawo 11 kimekwisha.

Imebaki 2,467. Je, hiyo ni tasa? Mwanafunzi mwenye haraka atataka kujaribu kila namba kutoka 2 hadi 2,466. Kazi hiyo haina haja. Kama 2,467 ingekuwa zao la namba mbili, mojawapo ingekuwa ndogo kuliko 50, kwa sababu 50 × 50 ni 2,500, ambayo tayari imepita. Kwa hiyo yatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya 50, nazo ni 15 tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43 na 47. Darasa likigawana kazi hiyo, kila mwanafunzi akipewa kigawo kimoja, jawabu hupatikana kwa dakika chache. Kila mmoja atapata baki: kwa 13 inabaki 10, kwa 17 inabaki 2, kwa 29 inabaki 2, kwa 47 inabaki 23, na kadhalika. Hivyo 2,467 ni tasa, na namba ya Lindi imevunjika yote:

1,194,028 = 2² × 11² × 2,467

Kwa kuwa 2 × 11 ni 22, mtu aweza pia kuandika 22² × 2,467, yaani 484 × 2,467.

Jambo moja lafaa kuangaliwa hapa. Kuzidisha 484 kwa 2,467 ni kazi ya dakika moja. Kurudi nyuma, kutoka kwenye zao hadi kwenye vigawo, kumechukua hatua nyingi. Kadiri namba inavyokuwa na tarakimu nyingi, ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliokuwa Marekani, waliitumia tofauti hiyo kutunga njia ya kuficha ujumbe: mtu hutangaza zao la namba tasa mbili kubwa sana, na kuzificha namba tasa zenyewe. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kuvunja namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250, kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa zaidi ya miaka 2,000. Namba zinazotumika kulinda siri kwa njia hiyo ni ndefu kuliko hiyo. Somo la vigawo tasa, ambalo huonekana kavu darasani, ndilo msingi wa siri nyingi zinazopita katika intaneti.

Mistatili tisa, na mraba usiowezekana

Vigawo tasa vikijulikana, vigawo vyote vyajulikana. Kigawo chochote cha 1,194,028 hutumia 2 mara sifuri, mara moja au mara mbili. Hutumia 11 mara sifuri, mara moja au mara mbili. Na hutumia 2,467 mara sifuri au mara moja. Njia hizo ni 3 × 3 × 2 = 18. Namba ina vigawo 18, navyo huenda wawiliwawili: 1 na 1,194,028, 2 na 597,014, 4 na 298,507, 11 na 108,548, 22 na 54,274, 44 na 27,137, 121 na 9,868, 242 na 4,934, 484 na 2,467.

Maana yake ni kwamba, kama watu wote wa mkoa wangekusanyika uwanjani na kujipanga kwa safu zilizo sawa, wangeweza kufanya mstatili kwa namna tisa, wala hakuna ya kumi. Mstatili mfupi kuliko yote ni wa safu 484 zenye watu 2,467 kila moja. Kila mtu akipewa mita moja ya mraba, watu wote wataenea katika eneo la mita 484 kwa 2,467, yaani takriban kilomita 1.2 za mraba, katika mkoa ambao eneo lake linazidi kilomita za mraba 60,000.

Je, waweza kufanya mraba mmoja? Haiwezekani, maana katika namba ya mraba kila kigawo tasa hutokea mara shufwa, na 2,467 imetokea mara moja tu. Je, waweza kugawanyika katika miraba miwili, hata kama mmoja ni mkubwa na mwingine mdogo? Swali hili ni gumu zaidi, lakini jibu lake lathibitishwa kwa mistari michache.

Kipeo cha pili cha namba shufwa hugawanyika kwa 4 bila baki. Kipeo cha pili cha namba witiri, kikigawanywa kwa 4, hubakiza 1 daima. Kwa hiyo jumla ya vipeo viwili vya pili hubakiza 0, 1 au 2. Kamwe haibakizi 3. Tena ikibakiza 0, lazima namba zote mbili ziwe shufwa. Sasa 1,194,028 hugawanyika kwa 4. Kama ingekuwa jumla ya miraba miwili, pande zote mbili zingekuwa shufwa, na kila upande ungeweza kupunguzwa nusu. Ndipo 298,507 nayo ingekuwa jumla ya miraba miwili. Lakini 298,507 ikigawanywa kwa 4 hubakiza 3. Hilo haliwezekani. Basi miraba miwili haitoshi.

Miraba mitatu yatosha. Mraba wa kwanza uwe na watu 990 kila upande, wa pili 462, na wa tatu 22:

980,100 + 213,444 + 484 = 1,194,028

Wote wamepata nafasi, wala hapana aliyebaki nje. Mwaka 1770 Joseph-Louis Lagrange alithibitisha kwamba namba yoyote kamili yaweza kuandikwa kama jumla ya miraba isiyozidi minne. Watu wa Lindi wamehitaji mitatu.

Namba timilifu, pungufu na zidifu

Wanahisabati wa Kiyunani waliziainisha namba kwa njia nyingine. Nicomachus wa Gerasa, mji ulio katika Yordani ya leo, aliieleza njia hiyo yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Chukua vigawo vyote vya namba isipokuwa yenyewe, uvijumlishe. Jumla ikiwa sawa na namba, namba hiyo ni timilifu. Ikiwa ndogo, namba ni pungufu. Ikiwa kubwa, namba ni zidifu.

Namba 28 ni timilifu. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa korosho 28 mezani: vigawo vyake ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28 barabara. Namba timilifu ni adimu. Chini ya 10,000 zipo nne tu, nazo ni 6, 28, 496 na 8,128.

Namba ya Lindi iko wapi? Si lazima kujumlisha vigawo 18 kimoja kimoja. Jumla ya vigawo vyote hupatikana kwa kuzidisha mabano matatu:

(1 + 2 + 4) × (1 + 11 + 121) × (1 + 2,467) = 7 × 133 × 2,468 = 2,297,708

Ukiondoa namba yenyewe hubaki 1,103,680, ambayo ni ndogo kuliko 1,194,028. Basi ni namba pungufu, na upungufu wake ni 90,348. Neno “pungufu” hapa ni jina la jamii ya namba tu. Halisemi chochote juu ya watu wa Lindi, mavuno yao wala bahati yao, na mwalimu hana budi kulieleza hilo mapema, kwa maana watu wengi hupenda kuzipiga namba ramli.

Namba ya taifa

Sensa hiyohiyo ilipata watu 61,741,120 katika Tanzania nzima: 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Namba hii ikivunjwa hutokea hivi:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Vigawo vyake ni 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Je, ni pungufu au zidifu? Hapa jibu hupatikana bila kujumlisha. Ndani ya vigawo hivyo zimo 2 × 2 × 7, yaani 28. Namba ya taifa ni kigawe cha 28: ni 28 × 2,205,040. Sasa vigawo vya 28, yaani 1, 2, 4, 7 na 14, kila kimoja kikizidishwa kwa 2,205,040, hutoa vigawo vya namba ya taifa, na jumla ya vigawo hivyo vitano pekee yake imekwisha kuwa sawa na namba ya taifa. Bado vipo vigawo vingine, hata 1 yenyewe haijahesabiwa. Kwa hiyo namba hiyo ni zidifu. Kwa hoja hiyohiyo, kila kigawe cha namba timilifu kilicho kikubwa kuliko yenyewe ni namba zidifu.

Kigawo 641 nacho kina sifa yake katika historia. Pierre de Fermat wa Ufaransa, aliyeishi karne ya 17, alidhani kwamba namba za umbo fulani zote ni tasa. Ya tano katika orodha yake, ukianzia kuhesabu sifuri, ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba hiyo si tasa: ni 641 × 6,700,417. Namba 641 ndiyo iliyoyaangusha mawazo ya Fermat.

Sifa za namba na sifa za maandishi yake

Tarakimu nne za mwanzo za namba ya taifa ni 6, 1, 7 na 4. Mwalimu mmoja wa shule nchini India, D. R. Kaprekar wa Devlali, aligundua mwaka 1949 jambo la ajabu juu ya 6174. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote sawa. Panga tarakimu zake kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha kuanzia ndogo hadi kubwa, utoe ndogo katika kubwa. Rudia kwa jawabu. Katika hatua zisizozidi saba utafika 6174, na ukifika hutoki tena, kwa kuwa 7641 − 1467 = 6174. Mwaka wa sensa wenyewe waweza kutumika:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Kufika 6174 kutoka 2022 ni kanuni. Kutokea kwa 6174 mwanzoni mwa idadi ya watu wa taifa ni sadfa tu. Tena yafaa kutenganisha aina mbili za sifa. Kugawanyika kwa 11 ni sifa ya namba yenyewe. Hata watu wakihesabu kwa mawe, kwa mafundo ya kamba au kwa lugha nyingine, wingi huo utagawanyika kwa 11. Sifa ya Kaprekar ni ya maandishi, inategemea desturi ya kuhesabu kwa makumi. Kompyuta, ambayo huhesabu kwa jozi, huandika 1,194,028 hivi: 100100011100000101100. Katika maandishi hayo tarakimu za awali zimetoweka zote. Lakini sifuri mbili za mwisho bado zinatangaza kwamba namba hugawanyika kwa 4, maana ukweli huo ni wa namba, si wa mwandiko.

Namba ya kuhesabu na namba ya kukadiria

Katika mkoa huohuo wa Lindi kipo kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa mikubwa ya dinosaria, iliyopelekwa Berlin. Umri wa mifupa hiyo ni takriban miaka milioni 150. Mwanafunzi aweza kuivunja 150,000,000 akapata 2⁷ × 3 × 5⁸, na hesabu yake itakuwa sahihi. Lakini vigawo hivyo havielezi chochote juu ya Tendaguru. Vyatokana na sifuri ambazo wataalamu waliziweka kwa sababu walikadiria. Namba ya makadirio hufaa kwa ukubwa wake, si kwa tarakimu yake ya mwisho. Namba ya sensa hutolewa hadi mtu mmoja mmoja, ijapokuwa hakuna sensa duniani isiyowakosa watu wachache.

Kumi na moja katika daftari la ufuta

Kigawo 11, kilichotokea mara mbili katika namba ya Lindi, kina kazi kubwa katika ukaguzi wa hesabu. Tuseme karani wa chama cha msingi cha ushirika Milola anapima ufuta wa mkulima, na mzani unasoma kilo 4,827. Anaponakili katika daftari la pili anaandika 4,287. Kosa la kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani ni la kawaida kwa binadamu aliyechoka, na hapa mkulima amepoteza kilo 540.

Njia ya zamani ya kukagua ni kujumlisha tarakimu. Lakini 4 + 8 + 2 + 7 ni 21, na 4 + 2 + 8 + 7 ni 21 vilevile. Kosa limepita bila kuonekana. Kwa kanuni ya 11, namba ya kwanza hutoa 7 − 2 + 8 − 4 = 9, na ya pili hutoa 7 − 8 + 2 − 4 = −3. Majibu yametofautiana kwa 12, ambayo si kigawe cha 11. Basi kosa limekamatwa.

Je, kanuni hiyo hukamata kila kosa la namna hii? Ndiyo. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana, namba huongezeka au hupungua kwa 9 mara tofauti ya tarakimu hizo, mara 1, 10, 100 au kipeo kingine cha 10. Namba 11 ni tasa, kwa hiyo haiwezi kugawanya zao bila kugawanya mojawapo ya vigawo vyake. Haigawanyi 9, haigawanyi tofauti ya tarakimu, ambayo haizidi 9, wala haigawanyi 10. Hivyo kosa hilo kamwe haliwi kigawe cha 11. Kwa sababu ya nguvu hiyo ya 11, namba za utambulisho wa vitabu zenye tarakimu kumi, zilizotumika hadi mwisho wa mwaka 2006, zilipewa tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kwa mabaki ya 11. Mwanafunzi aweza kuzikuta nyuma ya vitabu vya zamani katika maktaba ya shule, nyingine zikiishia na herufi X, ambayo husimama badala ya 10.

Upande wa pili wa jambo hilo nao wafaa kujulikana. Daftari mbili zikitofautiana, na tofauti yake ikiwa kigawe cha 9, kama ilivyo 540, karani atafute kwanza mahali ambapo tarakimu zimebadilishana.

Mtu mmoja zaidi

Sensa huhesabu watu kwa usiku mmoja, na mwaka 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Tuseme mtoto mmoja wa Milola alizaliwa kabla ya saa sita usiku lakini hakuandikwa. Namba ya kweli ingekuwa 1,194,029. Kwa mpangaji, tofauti ya mmoja katika milioni ni ndogo mno. Kwa mwanahisabati, kila kitu kimebadilika:

1,194,029 = 17 × 70,237

Namba 70,237 ni tasa. Vigawo 18 vimekuwa vinne. Mistatili tisa imekuwa miwili. 2, 11 na 2,467 zote zimeondoka. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo kuongezeka kwa mtu mmoja hufuta vigawo vyote vya zamani kwa mara moja. Na kwa mtoto huyo mwenyewe na wazazi wake, mmoja si kidogo: nafasi yake katika darasa na chanjo yake katika zahanati hupangwa kutokana na hesabu ambayo aliingizwa au aliachwa. Ukweli wa namba kubwa husimama juu ya uaminifu wa yule aliyeandika mmoja.

Zoezi kwa darasa

Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652. Wanafunzi waivunje namba hiyo, wahesabu vigawo vyake, na waseme kama ni pungufu au zidifu. Kisha watafute ongezeko la watu kati ya mwaka 2012 na 2022, wavunje ongezeko hilo, na waeleze kwa hoja ya namba timilifu, bila kujumlisha vigawo, ni la jamii gani.

Majibu: 864,652 = 2² × 19 × 31 × 367, ina vigawo 24, nayo ni pungufu, kwa kuwa jumla ya vigawo vyake bila yenyewe ni 783,988. Ongezeko ni 329,376 = 2⁵ × 3 × 47 × 73. Kwa kuwa ni kigawe cha 6, ni zidifu.